Mbili kwa Kumi

Foklifti ya kuinulia mizigo ilirudi nyuma saa nne na dakika kumi asubuhi na kuubana mkono wa kushoto wa mdogo wangu kwenye nguzo ya chuma. Saa naijua kwa sababu niliiuliza, na niliiuliza kwa mazoea. Kabla ya kuhamia Sydney nilikuwa ripota wa redio ndogo magharibi mwa Kenya, na kazi yangu kubwa ilikuwa ajali za barabara kuu. Nilifundishwa kuanza na saa, nifuatishe mahali, kisha waliokufa, kisha waliojeruhiwa. Vilio havikuingia kwenye taarifa. Mhariri alisema kila ajali ina vilio, kwa hiyo kilio si habari.

Basi mahali: ghala la vyombo vya nyumbani, robo saa kwa basi kutoka stesheni ya Fairfield, magharibi mwa Sydney. Waliokufa: hakuna. Aliyejeruhiwa: mwanamume mmoja, miaka ishirini na sita, tumbo moja na mimi.

Mengine niliyapata kwa mzee wa Kikongo aliyekuwa akifanya kazi naye, mtu wa Uvira, ambaye ndiye aliyempeleka hospitali na ndiye niliyemkuta ameketi kando ya kitanda. Alisema dereva alitazama nyuma kwa bega moja tu. Mashine ilipokamata mkono watu walipiga kelele, dereva akachanganyikiwa, na badala ya kusonga mbele akakanyaga tena kurudi nyuma. Mkono ulibanwa mara mbili. Mara ya pili, mzee alisema, ulitoa mlio kama bua bichi la muhindi likivunjiwa gotini, na damu ikatokea chini ya kucha.

Waliopiga kelele walikuwa wengine. Mdogo wangu alimwambia dereva, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, asogeze mashine mbele kidogo.

"Miye niliona vita, yaya," mzee aliniambia, akiniita dada kwa Kiswahili cha kwao. "Niliona watu wanakatwa na panga. Ule ndugu yako hakulia hata kidogo. Ni mwanaume."

Alinipa sifa hizo kama zawadi, na mimi nikaziogopa.

Kwetu wavulana hutahiriwa wakiwa wamesimama, mwezi wa nane, alfajiri, mbele ya kijiji kizima. Jua halijachomoza huwa wameshapelekwa mtoni, wamevuliwa nguo na kupakwa matope ya baridi kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha kijana hurudi nyumbani uchi, katikati ya umati unaoimba, anasimama uani na kuinua uso. Ngariba anapita na kisu chake. Kijana haruhusiwi kurudisha mguu, kukunja uso wala kupepesa jicho. Kazi ikiisha filimbi hulia, wanawake hupiga vigelegele, na ndipo anapoitwa mtu.

Nikiwa na miaka kumi na minne nilimwona binamu yangu akirudisha mguu. Hatua moja tu, nusu ya unyayo. Ilitosha. Baba yake alikuwa wa kwanza kumpiga, kwa rungu, kwenye kiuno, na alipoanguka wengine wakaingia. Walimpiga mateke akiwa na tope na damu mapajani, wakamlaza chali, wanaume wawili wakamkalia magoti na mmoja kifua, na ngariba akamalizia pale chini kama anayechuna mbuzi. Mama yake alijifunika kanga usoni. Kilio chake hakikusikika sana kwa sababu watu walikuwa wakimzomea. Binamu huyo alihama mwaka uliofuata na hakurudi hata kumzika baba yake.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Yeye alikuwa na mzigo mwingine. Mama yetu alitoka ng'ambo ya Mto Malaba, kwa watu wasiotahiri, na nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu yeye na baba hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Shangazi zetu walisema wazi, wakimenya viazi, kwamba siku hiyo wataiona damu ya kwa mama. Mama alisikia. Aliendelea kupepeta mtama. Jioni alimwita mdogo wangu nyuma ya jiko na kumwambia kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kuniambia.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilisimama karibu kiasi cha kuona kila kitu, na kwa tabia niliyokuwa nayo hata kabla ya redio, niliangalia kwa mpangilio. Macho: yameganda kwenye ncha ya mkaratusi uliokuwa nyuma ya nyumba. Taya: limekaza. Juu ya mdomo: jasho, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi na tope lilikuwa bado halijakauka. Pumzi: inaingia kwa pua, kidogo kidogo. Kisu kilipita na hakuna kilichobadilika katika orodha yangu. Filimbi ikalia. Shangazi ndio waliopiga vigelegele kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilikuja kuelewa alichofanya miaka mingi baadaye, hapa Sydney, nikiwa mchana nasomea uuguzi na jioni nawaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia. Mwalimu wetu wa somo la mwili alikuwa nesi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza. Alisema ukigusa sufuria ya moto, mkono huondoka kabla hujajua kwamba umeungua. Ujumbe hufika kwenye uti wa mgongo tu, na uti unatoa amri bila kuuliza kichwa. Maumivu yenyewe yanakuja nyuma, kwa nyuzi nyembamba zinazotembea polepole. Ndiyo maana ukijikwaa unajua kwanza kwamba umejikwaa, halafu unapata muda wa kuogopa, halafu ndipo linauma. Akaongeza kwamba ubaridi huzifanya nyuzi hizo ziwe nzito zaidi, na kwamba kichwa nacho kina njia ya kutuma amri chini, kufunga milango ya maumivu. Darasa lilikuwa likiandika. Mimi nilikuwa naona tope la mtoni.

Juma lililofuata alitufundisha kuhusu mikono iliyopondwa, na hilo ndilo somo lililonifanya niziogope sifa za mzee wa Uvira. Misuli ya mkono, alisema, imefungwa ndani ya mfuko mgumu usiotanuka, kama soseji. Ikipondwa inavimba, na kwa kuwa mfuko hautanuki, presha inapanda ndani mpaka damu inashindwa kupita. Neva, zile nyuzi za hisia, ndizo zinazolalamika mapema. Kwanza vinakuja vijisindano na ganzi. Pamoja navyo yanakuja maumivu makubwa kuliko jeraha lenyewe, na hayo ndiyo kengele. Baadaye kengele inanyamaza, si kwa sababu mkono umepona. Ukikaa kama saa sita bila kupasuliwa, nyama inakufa na mkono unabaki kama ukucha wa kuku. Eksirei haionyeshi kitu. Daktari anamtegemea mgonjwa aseme kwamba inauma.

Nilifika saa saba na nusu mchana, saa tatu na dakika ishirini baada ya ajali. Chati ilikuwa imening'inia miguuni mwa kitanda. Nesi alikuwa amemuuliza kila baada ya nusu saa maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, na majibu yalikuwa yamepangwa kwa wino wa bluu: mbili, mbili, mbili, mbili. Eksirei ilionyesha ufa mwembamba tu. Daktari, kijana mwenye macho yaliyochoka, alikuwa ameshaandika vidonge na kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni, na kwamba arudi baada ya siku tano.

Mdogo wangu alikuwa ameketi wima. Alinisalimia shikamoo kama kawaida, akaniuliza kama nimekula. Nikaanza orodha. Macho: kwenye tundu la hewa darini. Taya: limekaza. Juu ya mdomo: jasho. Pumzi: kwa pua.

Niliinua kitambaa nikaushika mkono chini ya kiwiko. Ulikuwa mgumu kama papai bichi. Ngozi iling'aa. Vidole vilikuwa vimejikunja vyenyewe.

"Ni ngapi?" nilimuuliza.

"Nimeshawaambia. Mbili."

"Mbili ya hapa, au mbili ya uani kwetu?"

Hakunitazama. "Dada, nenda kazini. Utafukuzwa bure."

Mzee wa Uvira alicheka kidogo. Alisema nimwache, mwanaume akisema mbili ni mbili, na kwamba kule kazini tayari wanamwita Chuma. Nikaona mdogo wangu amelipokea jina hilo. Bega lake lilinyooka.

Nilimwambia afumbe macho. Nikaminya ncha ya kidole cha shahada kwa kucha yangu, kwa nguvu, mpaka alama ikabaki. Nikamuuliza ni kipi. Alingoja, akabahatisha cha kati. Nikaminya tena kile kile, akasema kidole kidogo. Alikuwa anapiga ramli. Sasa nilijua kwamba si suala la kuvumilia tu. Nyuzi zenyewe zilikuwa zinazimika, na mwenye mkono ule alikuwa anauangalia ukifa kwa adabu.

Nilimfuata daktari kwenye dawati lake. Nilimweleza kwa ufupi, kama ninasoma taarifa: tunakotoka, mwanamume hufundishwa kwa kisu kutosema kwamba anaumia, na anayesema hupigwa. Namba zote kwenye chati ni za uongo. Mkono ni mgumu, kidole hakihisi. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema anaelewa wasiwasi wangu, lakini mgonjwa ni mtu mzima, Kiingereza chake ni kizuri, ameulizwa mara nyingi na jibu ni moja. Hata hivyo akainuka, tukaenda wote kitandani, akamuuliza mwenyewe mbele yangu.

Mdogo wangu alimtabasamia. Alisema imeshuka. Labda ni moja sasa.

Daktari alifurahi. Alichukua kalamu akaandika moja. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Nilihesabu kichwani: zimebaki saa mbili na dakika tano, kama mwalimu wangu alisema kweli, na mgonjwa anasubiri teksi.

Nilimwinamia sikioni nikamwambia kwa Kiswahili kwamba atapoteza mkono. Aliniambia kitu kimoja, taratibu, bila kuondoa macho darini.

"Usinivue nguo mbele ya huyu mzee."

Nilimtazama mzee. Alikuwa anatufuatilia kwa upendo, mikono juu ya magoti. Kila alichokiona pale kingefika Fairfield, alikoishi mdogo wangu na watu wetu wengi, kabla ya jua kuzama, kingeingia kwenye simu za watu, na kwa njia ya kikundi cha ukoo kingefika uani kwetu ambako shangazi walikuwa bado hai na bado wanamenya viazi. Nililijua hilo. Naliandika ili isionekane kwamba nilifanya kwa kutojua.

Nilivishika vile vidole vinne vilivyojikunja, vyote kwa pamoja, nikaweka mkono wangu mwingine kwenye kifundo cha mkono wake, na nikavinyoosha. Nilivuta kama mtu anayefungua mlango uliokwama.

Kidole hakikuhisi kucha, lakini misuli juu yake ilikuwa bado hai na inakufa kwa kukosa damu, na kuinyoosha katika hali hiyo ni sawa na kuipasua. Ujumbe ulipanda, ukafika kwenye uti wa mgongo, ukampita. Hakupata nafasi ya kutuma amri ya kufunga mlango. Alipiga yowe. Nimesikia watu wakitolewa chini ya matrela yaliyopinduka, na sijasikia yowe kama lile. Mguu wake uliruka ukapiga meza ya dawa ikaanguka. Ngumi ya kulia ilikuja yenyewe, ikanipata mdomoni, na nikasikia jino likivunjika kabla sijasikia maumivu, kwa mpangilio ule ule niliofundishwa darasani.

Sikuachia. Nikavuta tena. Akalia tena, safari hii akimwita mama.

Walinzi wawili walinikamata mabega wakanirudisha nyuma mpaka ukutani, mkono mmoja ukiwa umenibana koo. Nilikuwa natema damu kwenye sakafu yao safi. Mzee wa Uvira alikuwa amesimama, mikono kichwani, akisema mungu wangu, mungu wangu. Nesi alikuwa anaita polisi. Daktari peke yake hakunitazama. Alikuwa ameinama juu ya mkono, anaubonyeza kwa vidole viwili, anabonyeza tena juu zaidi, kisha akashika kidole kimoja tu na kukinyoosha taratibu sana, na mdogo wangu akalia kwa sauti ya mtoto. Daktari akainua uso, akasema sentensi fupi kwa nesi, na nesi akaiweka simu ya polisi chini akachukua nyingine. Ndipo watu walipoanza kukimbia.

Kisu kiliingia saa tisa na dakika ishirini. Mpasuaji alinieleza baadaye, kwenye korido, mimi nikiwa na pamba mdomoni. Walipasua kutoka kifundo hadi kiwiko, na nyama ikachomoza yenyewe kama unga ulioumuka ukiinua kifuniko. Nyingi ilikuwa ya zambarau na ikarudia wekundu wakiitazama. Sehemu moja, urefu wa kidole, ilikuwa ya kijivu na haikujikunja ilipochomwa, wakaikata wakaitupa. Jeraha waliliacha wazi siku tano. Neva moja ilikuwa imepondeka na itabidi iote upya. Mkono utabaki. Aliniuliza nani aligundua, nikamwambia mgonjwa alipiga kelele.

Mzee wa Uvira hakuwa mbaya. Alisimulia alichokiona, na kwa haki alisimulia yote, hata jino langu. Lakini hadithi ikisafiri hutupa mizigo yake njiani. Iliyofika nyumbani ilikuwa fupi: dada alimvuta vidole, Chuma akamwita mama yake. Shangazi mmoja alisema kwamba damu haina haraka, inaweza kungoja hata miaka kumi na mitatu.

Baba alinipigia simu. Hakuuliza habari za mkono. Aliuliza kama ni kweli alilia.

Miaka yangu ya redio sikuwahi kuongeza maiti wala kupunguza. Nilimwambia ni kweli, mara tatu, na kwamba mara mbili nilimliza mimi kwa makusudi, na angekaa kimya saa mbili zaidi wangeukata mkono. Nilisikia kuku nyuma ya baba.

"Mwanamke hamshiki mwanaume aliye mbele ya kisu," alisema, akakata simu.

Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kuongea nami. Siku ya tatu wodini aligeuza uso ukutani nilipoingia. Nilimletea uji, akaula nikishatoka. Alipotoka hospitali alihamia chumba kingine hapo hapo Fairfield, na akabadilisha ghala ili asiitwe Chuma wala kinyume chake. Alipotaka kitu kwangu alimwandikia binti yangu, ambaye anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, na binti yangu akawa ananisomea: mjomba anauliza kama una barua ya bima, mjomba anasema asante kwa blanketi. Ilikwenda hivyo miezi minne na wiki mbili. Nilikuwa naihesabu kwa milimita, kwa sababu mwalimu alituambia neva inayoota hutembea kama milimita moja kwa siku. Kutoka palipopondwa hadi ncha za vidole nilikadiria mwaka. Nilikuwa na daftari ambalo ningeandika maendeleo yake, kama angenipa cha kuandika. Kurasa zilikuwa na tarehe tu.

Kisha Jumapili moja alibisha mlango wetu mtaani Rooty Hill, baada ya ibada, ana shati jeupe. Hakueleza. Nilisonga ugali, nikapika sukuma na nyama ya kuchemsha, akala kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala mezani kando ya sahani, mwembamba kuliko mwenzake, kovu limepita katikati yake kama njia ya ng'ombe. Binti yangu aliulizwa habari za shule, akajibu, akaenda chumbani kwake. Tukabaki wawili.

Alimaliza kula, akanawa. Halafu akausukuma ule mkono wa kushoto juu ya meza mpaka ukafika upande wangu, na akageuza uso dirishani. Akafumba macho. Nikaelewa ni kitu gani ninaombwa.

Nilianza na gumba, kwa kucha. Akasema gumba. Nikaenda cha shahada, pale pale nilipoacha alama siku ile. Nilingoja, hakuna. Nikaminya zaidi. Hakuna, na hakubahatisha. Alitikisa kichwa tu. Nikaenda cha kati, na kabla sijakaza vizuri mkono mzima uliruka juu ukagonga bakuli la mchuzi, na yeye akavuta pumzi kwa meno. Tuliutazama ule mkono kama mnyama aliyejigeuza usingizini. Ngozi kando ya kovu ilikuwa imesisimka vipele kote.

"Ni ngapi?" niliuliza.

Macho yake yalianza kupanda kuelekea darini, yakafika nusu, yakarudi. Alinitazama mdomoni, penye pengo.

"Sita," alisema. Kisha akaufuta mchuzi kwenye kifundo, akafikiri. "Hapana. Andika saba."

Nilifungua daftari nikaandika: Jumapili, saa nane na robo mchana, kidole cha kati, saba. Nilipoinua kichwa mkono ulikuwa bado uko upande wangu wa meza, umefunguka, na nikaunyooshea kucha kujaribu kidole cha pete.

"Taratibu," alisema. "Nitang'oa la pili."